MJADALA: Kosa ambalo kila mtu kaliona lirekebishwe kwa video, au uamuzi wa uwanjani ubaki? Tuanze na Rams na Saints, 2019

MLETA MADA

Wakuu, habari za jioni. Humu kuna wadau wanaofuatilia futiboli ya Marekani, na kuna ambao hawaijui kabisa ila VAR wanaijua vizuri. Mada hii ni ya wote.

Tarehe 20 Januari 2019, uwanja wa Superdome, New Orleans. New Orleans Saints na Los Angeles Rams, mshindi anakwenda Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya NFL. Saints walianza kwa kasi wakaongoza 13-0. Rams wakarudi kidogo kidogo, hadi robo ya mwisho ikawa 20-20. Zimebaki dakika 1 na sekunde 49. Mpira ni wa Saints, wako yadi 13 tu kutoka mstari wa Rams, na hili ni jaribio la tatu.

Kwa wasioujua mchezo: timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine manne. Ikikwama karibu na lango, kwa kawaida jaribio la nne inapiga teke mpira upite katikati ya nguzo, inapata pointi 3. Na ukimvaa mpokeaji kabla mpira haujamfikia, mwamuzi anatupa kitambaa cha njano. Timu yake inapewa mpira palepale kosa lilipotokea, na majaribio mapya.

Drew Brees, mrushaji mpira wa Saints aliyetimiza miaka 40 siku tano kabla, anarusha upande wa kulia. Tommylee Lewis, mpokeaji wa Saints, anakimbia kando ya mstari wa pembeni, kageuza kichwa, anautazama mpira ukishuka. Nickell Robey-Coleman wa Rams anamjia mbio. Mpira hautazami hata mara moja, macho yote yako kwa Lewis. Anamgonga kwa bega na kofia ngumu mpira ukiwa bado hewani. Lewis anaanguka, mpira unapotea. Mwamuzi wa pembeni yuko hatua chache tu, anatazama. Uwanja mzima unasubiri kitambaa. Hakitupwi.

Saints wakapiga teke, 23-20, lakini wakawaachia Rams dakika 1 na sekunde 41. Rams wakapanda, mpiga teke wao Greg Zuerlein akasawazisha kwa teke la yadi 48 zikiwa zimebaki sekunde 15. Muda wa nyongeza, Brees akarusha huku anagongwa mkono, John Johnson wa Rams akaunasa mpira, kisha Zuerlein akapiga teke la yadi 57. Mwisho: Rams 26, Saints 23.

Kitambaa kingetupwa je? Rams walibakiwa na taimauti moja, yaani nafasi moja tu ya kusimamisha saa. Saints wangepewa majaribio mapya mbele ya lango, wangepiga goti saa itembee, halafu wapige teke fupi zikiwa zimebaki sekunde chache. Sisemi ushindi ulikuwa mfukoni, lakini Rams wangebaki na muda wa nini?

Baada ya mechi Robey-Coleman mwenyewe alikubali kwamba alifika mapema, alikuwa ameshapitwa na anaokoa jahazi. Kocha wa Saints, Sean Payton, aliwaambia waandishi kwamba mkuu wa waamuzi wa ligi alizungumza naye kwa simu na kukubali kuwa waamuzi walikosea. Siku chache baadaye ligi ikamtoza mchezaji faini ya dola 26,739 kwa kugonga kofia kwa kofia. Kwa hiyo kosa lilikuwepo, mkosaji kalikubali, ligi imelitoza faini, ila matokeo yanabaki kana kwamba halikutokea. Hilo mimi siwezi kulikubali.

Msimamo wangu: kila mechi iwe na mwamuzi wa nane, mbali na wale saba wa uwanjani, anayekaa juu na skrini yake, mwenye mamlaka kamili ya kutupa kitambaa. Asisubiri kocha aombe, wala asiulize ofisi iliyo mji mwingine. Leteni hoja.

MCHANGIAJI, ARUSHA

Mkuu, umesimulia vizuri lakini umesimulia upande mmoja.

Kwanza, dakika chache kabla ya hilo tukio, Jared Goff wa Rams alikimbia na mpira mwenyewe kuelekea mstari wa Saints. Mlinzi wa Saints akamshika vyuma vya mbele ya kofia akamvuta. Hilo ni kosa la wazi, tena la hatari kwa shingo ya mtu. Kitambaa hakikutupwa. Rams wakaishia kupiga teke la pointi 3, ndiyo ikawa hiyo 20-20 unayoanzia wewe. Kwa nini hadithi isianzie hapo?

Pili, Saints walijifunga wenyewe. Mko yadi 13, mechi sare, chini ya dakika mbili, mpinzani ana taimauti mbili. Jaribio la kwanza mnarusha, mpira unaanguka, saa inasimama. Mngekimbia nao, Rams wangelazimika kutumia taimauti zote mbili, na muda wao wa kurudi ungekuwa mdogo sana. Hilo Payton alilifanya mwenyewe.

Tatu, muda wa nyongeza Saints ndio walioshinda sarafu wakapata mpira wa kwanza. Wangefunga tachidauni, yaani kuufikisha mpira ndani ya mstari wa mwisho wa mpinzani, pale pale, mechi ingekuwa imekwisha. Hawakufunga.

Mechi ina matukio zaidi ya mia. Ukichagua moja ukasema hili ndilo lililoamua, umeshaamua nani umuonee huruma.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Ndugu zangu, mimi futiboli hiyo siifuatilii sana, lakini naifahamu hii hasira. Mwaka 2009 Thierry Henry aliushika mpira kwa mkono, Ufaransa ikaenda Kombe la Dunia, Ireland ikabaki nyumbani. Mwaka uliofuata, Bloemfontein, Lampard alipiga shuti likagonga mwamba, mpira ukaanguka ndani ya goli la Ujerumani, nasi sote tukauona, isipokuwa mwamuzi na msaidizi wake. FIFA walikuwa wakikataa teknolojia miaka yote hiyo. Baada ya Lampard walibadilika, na mwaka 2014 Kombe la Dunia likawa na mitambo ya kuangalia mstari wa goli. Mwaka 2018 ikaja VAR.

Sasa nawauliza mnaojua. Wamarekani walikuwa na marudio ya video miaka mingi kabla yetu. Walikuwa nayo siku ile New Orleans. Kwa nini hawakuitumia?

MLETA MADA

Kaka wa Mombasa, swali lako ndilo kiini. Marudio yalikuwepo, lakini kanuni iliyaruhusu kwa mambo maalumu tu: mguu ulikuwa ndani au nje, mpira ulishikwa au haukushikwa, goti liligusa chini kabla au baada. Kumvaa mpokeaji kulihesabiwa kuwa ni uamuzi wa jicho la mwamuzi, hakuguswi. Kwa hiyo picha zilikuwepo, watu wa kuzitazama walikuwepo, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Si suala la uwezo, waliamua tu iwe hivyo.

Na msichukulie kirahisi maumivu ya ule mji. Gavana wa Louisiana, John Bel Edwards, alimwandikia barua kamishna wa ligi, Roger Goodell. Mashabiki walikwenda mahakamani, wengine wakitaka kamishna atumie mamlaka yake hata mechi irudiwe. Kesi ya mahakama ya shirikisho ikatupwa, na Mahakama ya Juu ya Louisiana nayo ikaizima nyingine mwezi Septemba mwaka huohuo. Super Bowl ilipochezwa Atlanta, Patriots wakiwafunga Rams 13-3, gazeti la Times-Picayune la New Orleans lilitoka kesho yake na ukurasa wa mbele karibu mtupu. Brees alistaafu mwaka 2021 bila kurudi tena Super Bowl.

MCHANGIAJI, DALLAS

Niko huku Texas, hizi mechi naziangalia kila wiki. Mleta mada, unachokitaka kilijaribiwa, na kilishindwa.

Machi 2019 wamiliki wa timu walipiga kura 31 kwa 1, Bengals peke yao wakikataa, kwamba kosa la kumvaa mpokeaji liweze kutazamwa upya kwa video, liwe limepigiwa filimbi au halikupigiwa. Makocha walipewa haki ya kupinga, na dakika mbili za mwisho za kila nusu kazi ikabaki kwa watu wa video. Uamuzi wa mwisho ulikuwa kwenye ofisi ya ligi, New York.

Msimu ulivyoanza tukachanganyikiwa. Novemba, Texans walicheza na Ravens kule Baltimore. DeAndre Hopkins wa Texans alivamiwa waziwazi akiwa anaelekea kufunga, mlinzi kamkumbatia kabla mpira haujafika. Kocha wake akapinga. New York wakasema uamuzi unabaki. Mimi nilikuwa naangalia na watu wasiopenda Texans hata kidogo, nao walibaki midomo wazi. Ukipinga ukashindwa unanyang'anywa taimauti, ikafika mahali makocha wanajua kupinga ni kuipoteza bure.

Halafu Januari 2020, Superdome ileile, Saints walewale, wanacheza na Vikings, muda wa nyongeza. Kyle Rudolph wa Vikings anamsukuma kidogo mlinzi, anadaka, tachidauni, 26-20. Watu wa video wakatazama, wakaacha kama ilivyo. Kanuni iliyotungwa kwa sababu ya Saints haikuwasaidia Saints wenyewe. Mwaka 2020 ligi ikaiacha ife.

Ndiyo maana mimi nasema mambo ya vipimo yaende kwenye video, mambo ya hukumu yabaki kwa binadamu aliyesimama pale. Ukichanganya, unapata hukumu mbili badala ya moja, na zote mbili zinalalamikiwa.

MLETA MADA

Mkuu wa Dallas, historia yako ni sahihi yote. Ila hitimisho lako silikubali.

Tazama nani alipewa ile kazi. Ofisi ileile inayowapangia waamuzi mechi na kuwatetea mbele ya makocha ndiyo iliyoambiwa iwasahihishe hadharani, kutoka New York, huku mamilioni wanaangalia. Lazima wasite. Tena kipimo kilikuwa kinahama: wiki hii mguso mdogo unatosha, wiki ijayo hata kukumbatiwa kama Hopkins hakutoshi. Hapo kilichoshindwa ni mpangilio. Hakuna mechi hata moja ya NFL iliyochezwa na ninachokisema mimi, mwamuzi wa juu ambaye ni sehemu ya kikosi cha siku hiyo, anayewajibika kama wenzake na anayeongea nao sikioni.

Na si ndoto. Ligi ndogo ya Alliance of American Football ilipoanza Februari 2019 ilimweka mtu wa namna hiyo tangu mwanzo. Ligi ilikufa mapema kwa matatizo ya fedha, hayo ni mengine. Mwaka 2020 Ravens na Chargers walipeleka NFL pendekezo la mwamuzi wa nane kwenye kibanda cha juu uwanjani. Halikupita. Tangu 2021 ligi imeanza kuwaruhusu watu wa video kuwanong'oneza waamuzi kuhusu mambo fulani, hasa hayo ya vipimo. Kwa hiyo mlango wameshaufungua wenyewe, wamegoma tu kupita.

MCHANGIAJI, ARUSHA

Sawa, tuseme amewekwa. Anaishia wapi? Kwenye huu mchezo karibu kila tukio kuna mtu kamshika mwenzake jezi. Ukiweka mtu juu mwenye skrini kumi, kila tukio litakuwa na kitambaa. Mechi zenyewe tayari zinapita saa tatu.

MLETA MADA

Mipaka ipo na naitaja. Ashughulike na mambo mawili: kumvaa mpokeaji kabla ya mpira, na hatari kwa kichwa na shingo. Aone marudio mara moja, kwa kasi ya kawaida. Ukipunguza kasi ya picha, mkono uliogusa bega unaonekana kama kabari, na hapo ndipo kila kitu kinageuka kosa. VAR imetuonyesha hilo. Kama kwa kasi ya kawaida hajaliona, mchezo uendelee, na makocha wasiwe na haki ya kuuliza.

Mkuu wa Dallas, jibu kwa ukweli: ya Rudolph, kwa kasi ya kawaida, ungetupa kitambaa?

MCHANGIAJI, DALLAS

Nisingetupa. Niliiona moja kwa moja na sikustuka hadi walipoirudia polepole. Ya Lewis ningeitupa hata ningekuwa nimekaa safu ya mwisho ya jukwaa. Kwenye kasi ya kawaida umenipata. Kwenye kumuamini mtu mmoja kibandani, bado.

MCHANGIAJI, ARUSHA

Basi mwamuzi wako wa nane namkubali kwa masharti hayo. Ila umesema hatari kwa kichwa na shingo imo. Ya Goff ni hiyohiyo. Angekuwepo siku ile, angetupa kitambaa hapo kwanza, Rams wangepewa majaribio mapya manne karibu kabisa na mstari wakiwa nyuma kwa 20-17, na huenda wangeongoza wao kabla Lewis hajagongwa. Kwa hiyo kanuni yako naiunga mkono. Kwamba Saints waliporwa fainali, hapana, hilo hujalithibitisha.