Mdogo wangu anataka udaktari nje: IELTS ni lazima au?

BintiMbagala:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB, na kafaulu vizuri. Wakala mmoja Kariakoo anasema kwa China tusihangaike na lugha: kozi ni ya Kiingereza, barua ya shule inatosha. Shangazi aliyeko Uingereza anasema bila IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, hawamtazami. Ada ya mtihani si ya kuchezea. Nimsikilize nani?

MzeeWaFeri:
Kwa Uingereza shangazi ana hoja. Alama zinaishia 9, na vyuo vingi vya udaktari kule vinataka 7 au 7.5. Ila msiangalie jumla tu, kila kipengele kina kiwango chake: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Watoto wetu wengi wanakwama kwenye kuandika. Achukue ile ya Academic, siyo General Training, na asikimbilie kulipia kabla hajajua anaomba lini, matokeo yanahesabika miaka 2 tu.

DaktaWaTandika:
Dada, mimi nimesoma Guangzhou, huko huko China. Wakala kakwambia nusu. Darasani ni Kiingereza kweli, na miaka ya mwanzo utaona mambo mteremko. Kasheshe ni wodini, maana mgonjwa hajasoma hicho Kiingereza. Ndiyo maana vyuo vingi vinadai HSK, yaani mtihani wa Kichina, daraja la 4 kabla hujaanza mafunzo ya vitendo hospitalini.

Nakupa mfano. Profesa kanituma kitandani kuchukua historia ya bibi anayeumwa tumbo. Nikamuuliza kwa Kichina safi kabisa cha darasani: panauma wapi, tangu lini? Bibi akanijibu kwa Kikanton, lugha ya kule, mkono uko ubavuni kulia, anaongea haraka na kukunja uso. Mjukuu akanigeuzia kwa Kimandarini, kile Kichina cha darasani. Nikaambulia "baada ya kula" na "mafuta", kumbe alishasema pia kuhusu homa na kutapika. Mwenzangu Mzambia aliyekuwa akishinda sokoni kupiga soga na wauza mboga ndiye madaktari walikuwa wanamwita kila kukicha. Sisi wengine tulisimama nyuma tukitikisa vichwa.

Kwa hiyo asisubiri kupanda ndege. Taasisi ya Confucius, wanaofundisha Kichina, ipo pale UDSM, aanze sasa hivi. Na huyo wakala mwambie akuonyeshe kwa maandishi, kwenye karatasi ya chuo chenyewe, wanataka HSK gani na mwaka wa ngapi. Akianza kung'ata maneno, kaa na hela yako.

BintiMbagala:
Asante sana Dakta. Dogo yuko hapa anasoma, kaanza kutaja na Ujerumani 😅

DaktaWaTandika:
Huko ndiyo usiseme, udaktari wanafundisha kwa Kijerumani, na kwa kawaida wanataka C1, kiwango cha juu cha lugha. Goethe, wanaofundisha Kijerumani, wako Upanga. Ila mwambie achague moja, lugha mbili kwa mpigo na bado hajapata chuo ni kujitesa.

MzeeWaFeri:
Na MUHAS, chuo chetu cha udaktari pale Muhimbili, je? Ameomba?

BintiMbagala:
Ameomba mkuu, tunasubiri majibu.