Tupeane uzoefu: Kuishi Naivasha mwaka mzima, si wikendi tu

Mama Wawili (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, mume wangu amepata kazi Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, kwa hiyo tunatoka Nairobi kuhamia Naivasha na watoto wetu wawili. Mdogo ana pumu. Kila ninayemuuliza ananisifia mashua, twiga na hoteli za kando ya ziwa. Hayo nimeyaona na ni mazuri kweli. Ninachotafuta ni sauti ya anayeamka hapo Jumanne ya Julai akapeleka mtoto shule. Baridi ikoje? Maji je? Tukae upande gani? Na mtu wa mshahara wa kawaida akitaka kupunga hewa na familia yake, anakwenda wapi?

Dada wa Karagita

Karibu sana. Mimi nafanya kazi shamba la maua na watoto wangu wamezaliwa hapa. Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi na usiku ni sweta, hata Januari. Ikifika saa tano jua linachoma na sweta inafungwa kiunoni. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya blanketi nzito. Hata hivyo hatufikii Kinangop huko juu, ambako sakitu inaunguza viazi shambani.

Kuhusu mtoto wa pumu, nitakuambia ukweli: cha kuogopa kuliko baridi ni vumbi. Udongo wetu ni majivu ya volkano, mwepesi mno. Mvua nyingi inaishia milima ya Nyandarua kabla haijatufikia, na kiangazi upepo wa alasiri ukianza, barabara za ndani zinafuka. Dada yangu ana kijana mwenye kifua. Walipohama nyumba ya barabara ya udongo wakaenda penye lami, alipata nafuu kubwa. Kwa hiyo mkitafuta nyumba, angalieni barabara kabla ya kuangalia jiko.

Fundi wa Kihoto

Mama, naomba usome hili lote, kwa sababu mawakala wa nyumba hawatakuambia.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Linalishwa na Malewa na Gilgil, na Malewa ndio unaoleta maji mengi zaidi, kutoka Nyandarua. Mvua ikizidi huko, sisi tunaweza kuwa na jua kali na ziwa linapanda tu. Tena huenda na kurudi. Mwaka 2009 lilipungua mpaka watu wakalima mahali palipokuwa maji, na mwanzoni mwa 2010 samaki wakafa kwa wingi. Miaka kama hiyo ndiyo ardhi inagawanywa, ploti zinauzwa, watu wanajenga. Halafu maji yanarudi kwao.

Kihoto, mtaa wetu wa kando ya ziwa, tuliyaona 2020, tukayaona tena mwishoni mwa 2025, safari hii watu wakitolewa majumbani kwa mashua zile zile za kutembeza watalii. Maji haya hayaji kwa kishindo. Kwanza choo kinakataa kushuka. Halafu ukuta unaota unyevu kuanzia chini. Halafu unaamka na kukuta ua umeloa ilhali mvua haikunyesha. Mimi nimeng'oa milango na madirisha ya majirani zangu ili waokoe angalau hivyo, nikiwa nimesimama ndani ya maji yenye uchafu wa vyoo. Mzee mmoja alikuwa ameweka kiinua mgongo chake chote kwenye nyumba za kupangisha. Alikuwa anakuja kila asubuhi kutazama mabati yake kutoka mbali.

Mpangaji anaweza kuhama, lakini naye atapoteza magodoro, vitabu vya watoto na kodi aliyolipa. Kabla hujatoa amana, usimuulize mwenye nyumba. Muulize mama muuza mboga wa mtaa huo: "Maji ya 2020 yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Ukutani huwa kuna alama pia, rangi inabadilika kuanzia pale maji yalipoishia.

Mvuvi wa Kamere

Naongezea hapo. Ziwa likipanda, viboko nao wanasogea. Malisho yao yanafunikwa, kwa hiyo usiku wanakuja mpaka kwenye mashamba na nyuma ya nyumba. Jua likishazama, mtoto asikaribie ufuo hata kama ni kufuata mpira.

Mkitaka kupanda mashua, iwe asubuhi. Ziwa linakuwa tulivu. Baada ya chakula cha mchana upepo unaamka na mawimbi yake si ya mchezo, nimepoteza wenzangu hivyo. Jaketi la kujiokoa kila mmoja, na lifungwe. Na niseme neno lililo moyoni: ufuo mwingi umezungushiwa ua na hoteli, mashamba na majumba. Sisi wananchi tumebaki na sehemu chache kama Kamere na Karagita, tena tunabanana na nyavu, wachuuzi na wateja wa samaki. Watoto waliozaliwa mita chache kutoka ziwani hawana mahali salama pa kuketi na kulitazama. Hili linaniuma.

Mwalimu

Nijibu la maji. Maji ya visima vingi huku yana floridi nyingi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Darasani kwangu naona meno ya kahawia kila nikisema "cheka". Wapo wasichana wanaoziba mdomo kwa mkono wakijibu swali.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini floridi inabaki na maji yanapungua, kwa hiyo inazidi kukolea. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi, chujio la mkaa wa mifupa, au maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa mitungi. Yale ya mkokoteni wa punda tumieni kufulia na kuogea. Watoto wako wakiwa chini ya miaka minane, lichukulieni kwa uzito, maana meno ya ukubwani yanajengwa wakati huo.

Kijana wa Baiskeli

Sehemu ya kupunga hewa niachieni mimi. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache Kenya ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala. Baiskeli za kukodi zipo njiani kuelekea lango la Elsa. Familia inaingia asubuhi, inakula chini ya mwamba mrefu uitwao mnara wa Fischer, inarudi kabla ya jua kali. Mwananchi akionyesha kitambulisho analipa kiingilio cha wananchi.

Korongo lililo humo mbugani ni habari nyingine. Septemba 2019 watu saba walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla, na Aprili 2012 vijana wa kanisa walikuwa wamekufa vivyo hivyo. Mvua inanyesha mbali, juu yako mbingu ni nyeupe, na maji yanakuja kama lori. Mwenye kuwaongoza akisema leo hatushuki, msimbembeleze.

Mlima Longonot ni mita 2,776 kileleni. Kupanda mpaka ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, ni zaidi ya kilomita tatu, na kuuzunguka ni kama saba. Mlimani hakuna maji, na vumbi la njiani ni lile lile alilosema Dada wa Karagita. Mwenye pumu aanzie Hell's Gate, Longonot ingoje.

Mama Wawili

Mungu awabariki. Watoto wana miaka mitano na tisa, Mwalimu, kwa hiyo nimekuelewa. Sasa niambieni: Kongoni na Kamere ni karibu na kazi ya baba yao, mjini ni mbali kidogo. Mngekuwa ninyi?

Dada wa Karagita

Ningekaa upande wa juu wa barabara ya Moi South Lake, usiogusa ziwa, karibu na lami. Mume atafika Olkaria kwa muda mfupi na matatu za mjini zinapita hapo. Njooni Jumamosi, nitatembea na wewe nyumba kwa nyumba. Lete sweta ya mdogo na inhela yake.