Huduma kwa wateja, acheni kutuambia "futa kache" kila mfumo wenu unapogoma!

Wakuu, heshima kwenu. Leo naomba nimwage nyongo.

Mimi nina steshenari, na sehemu kubwa ya riziki yangu ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kuna mfumo wa taasisi moja, sitaitaja, wanaohangaika nao wataujua wenyewe. Unaandika namba ya mtumiaji na nywila, unabonyeza "Ingia", kale kaduara kanazunguka weee, halafu unarudishwa palepale kwenye ukurasa wa kuingilia, visanduku vitupu, bila hata neno moja la kosa. Ukiweka nywila ya uongo makusudi, maandishi mekundu yanatokea papo hapo: nywila si sahihi. Maana yake nywila ya mteja inakubaliwa vizuri tu, ila ukurasa unaofuata haukujui.

Piga simu sasa. Baada ya muziki wa kumaliza salio, jibu ni lilelile: "Mteja wetu mpendwa, futa data ya kuvinjari, weka tiki zote, chagua muda wote, kisha ujaribu tena."

Tiki zote! Hivi huyu anajua anachokisema? Kache ni picha na mafaili ya kurasa ulizofungua. Ukiifuta unapoteza bando tu, maana vyote vitashushwa upya. Vidakuzi (cookies), vile vijifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye kifaa chako, ndivyo vinavyoiambia tovuti kwamba ni wewe yuleyule uliyeingia, kwa hiyo ukivifuta vyote umejitoa kila mahali. Nywila zilizohifadhiwa nazo ni habari nyingine kabisa. Kijana wangu wa dukani alitii maelekezo ya simu neno kwa neno. Matokeo yake barua pepe ya duka ikatoka, hiyo ambayo wateja wanatumia kututumia kazi za kuprinti, na ili irudi inataka namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye laini ya mke wangu, ambaye yuko msibani kijijini kusiko na mtandao. Watu wamesimama kaunta wanasubiri vyeti vyao. Na ule mfumo? Kaduara kanazunguka kama kawaida.

Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja mtu mzima aliyetoka mbali kuja kumjazia mjukuu wake fomu ya maombi. Ananiangalia, anaiangalia kompyuta, ananiambia, "Mwanangu, hii mashine yako si ndiyo mbovu?" Nikamwambia mama, lete simu yako. Simu ambayo haijawahi kufungua tovuti hiyo tangu inunuliwe. Tukajaribu, mambo ni yaleyale. Naomba mtu wa huduma kwa wateja aniambie, simu hiyo ina kache gani ya kufuta?

Tena usiku wa manane mfumo huohuo unaingia bila kikwazo. Saa nne asubuhi, watu wote wakiwa wameamka, unagoma. Hapo hata asiye fundi anaona kwamba seva, yaani kompyuta zao zinazoendesha mfumo, zimezidiwa, au ziko kadhaa na hazipeani taarifa: moja inakupokea, nyingine inakuuliza wewe nani.

Sikatai, kuna siku vidakuzi vinaharibika kweli. Ukiona ujumbe wa 400 Bad Request unaosema "Request Header Or Cookie Too Large", kufuta vidakuzi mara nyingi kunasaidia. Lakini unafuta vya tovuti hiyo pekee! Kwenye Chrome bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye vidakuzi na data ya tovuti, futa vya hapo, basi. Na kabla ya kugusa chochote, fungua dirisha fiche (Incognito), ambalo linaanza bila vidakuzi vyako vya zamani. Ikiingia huko, kasoro iko kwenye kivinjari chako. Ikigoma huko pia, kufuta vidakuzi vyako hakutasaidia kitu. Ni jaribio la dakika moja, kwa nini halimo kwenye karatasi wanayosomea majibu?

Halafu mafundi wenyewe wanashindwa nini? Lou Montulli alivileta vidakuzi pale Netscape mwaka 1994. Miaka 30 na ushee baadaye bado mtu anajenga mfumo wa umma bila kujua kuvipangia muda wa kuisha! Wakibadilisha mfumo, seva yao inaweza kutuma agizo la Clear-Site-Data na kivinjari kikasafisha data ya tovuti yao peke yake, mteja asijue hata kimetokea nini. Wameona rahisi kumtupia mpira bibi wa watu.

Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa na hakuna tangazo lolote la kuongeza muda. Nina bahasha za wateja zimejaa droo, na wameshanilipa. Mwenye kumfahamu mtu wa TEHAMA mle ndani, wa TEHAMA nasema, siyo wa kupokea simu, anitumie PM. Picha za skrini ninazo, saa na tarehe zinaonekana. Na wewe unayetaka kuniandikia "mkuu umejaribu kufuta kache?", pita tu.