Kichwa cha chambo bandia cha nduaro: mti au resini?

Nahodha_Mdogo: Wakuu, salaam. Niko Shimoni, kaskazi inakaribia, nataka nijitengenezee vyambo bandia vya kukokota kwa ajili ya samaki wakubwa: nduaro, sulisuli na jodari. Vya dukani bei haishikiki. Kichwa nifanye cha mti au cha resini? Na mkia? Boti ni ya faiba, mwendo noti 7 hivi (maili 7 za baharini kwa saa).

FundiKerezo: Mti, tena mpingo. Waombe wachongaji vinyago vipande vya mabaki. Mpingo huzama, kwa hiyo kichwa hakirukiruki juu ya wimbi. Mti mwepesi utakulazimu utie madini ya risasi ndani, kiwe kizito. Toboa tundu la mshipi kwanza, ndipo ukereze ukilifuata hilo tundu. Likienda upande, chambo kitazunguka na kukusokotea mshipi wote.

Mama_Jodari: Fundi, mpingo hauna mng'ao wa ndani. Kwenye resini unazamisha kipande cha gamba la kombe kinachometameta, samaki anakiona kutoka mbali. Ila mdogo wangu, resini ya polista ya mafundi boti hunywea ikikauka, na kichwa kikigonga ubavu wa boti hupasuka. Chukua resini ya epoksi. Ni ghali na vipimo havitaki kukisia. Usiimimine nene kwa mkupuo mmoja, itapata joto hadi ipasuke. Katikati weka mrija wa shaba wa kupitishia mshipi, na uvae glavu.

Mkia wa nyuzi za gunia achana nao, hauchezi. Nunua zile sketi za plastiki laini, au funga manyoya meupe ya jogoo. Jodari bado wanayafuata hayo manyoya, wacha vijana wacheke.

Nahodha_Mdogo: Shukran dada. Sketi za rangi mbalimbali naweza kuziweka kopo moja?

Mama_Jodari: Hapana! Zinaambukizana rangi, na zingine zikigusana na plastiki za aina nyingine huyeyuka.

Waya_Mkali: Mnabishana juu ya kichwa, samaki anapotea kwenye kamba. Kwa nduaro, nailoni nene inayohimili mvuto wa ratili 300 na zaidi. Nguru akiwa mwingi weka waya, maana nailoni ataikata mara moja. Hapo usibane pesa. Na kama unawaachia, kama wanavyofanya wengi kule Watamu wakishawatia alama, epuka ndoana ya chuma kisichoshika kutu: ikibaki mdomoni haiozi upesi.

Nahodha_Mdogo: Na nikiamua mti mwepesi, risasi naiyeyusha nyumbani?

FundiKerezo: Nje, penye upepo, watoto wakae mbali, moshi wake ni sumu. Huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Kalibu iwe kavu kabisa, tone moja la maji linakurushia risasi usoni. Uso wa kichwa ukate mshazari kidogo tu; ukizidisha, kwa noti 7 kitapinduka. Kikokote karibu na tezi ukitazame: kizame, kitoe mapovu, kipande juu kuvuta pumzi, kizame tena. Kikilala upande, punguza mshazari kwa msasa kabla hujafunga ndoana.