Galaxy Tab S7 kama kompyuta ya mezani kwenye steshenari: ninunue vifaa gani?

Majengo_Moshi

Wakuu habari za humu. Nipo Moshi, nafungua steshenari ndogo: kuchapa barua na CV, mitihani ya shule za msingi, kuprinti, kutoa kopi. Kompyuta sina. Nilichonacho ni Samsung Galaxy Tab S7 ya inchi 11, RAM GB 6, nzima kabisa. Kuna monita ya Dell iliyotumika, inchi 22, nyuma ina tundu la VGA na DVI tu, HDMI haina. Kibodi na mausi ni vya USB. Printa ni leza ya HP ya waya wa USB, WiFi haina.

Naomba kujua: je, hiyo tablet itatoa picha kwenye monita? Ninunue adapta gani? Na umeme ukikatika katikati ya kazi inakuwaje? Bajeti hairuhusu kukosea mara mbili.

fundi_wa_Njiro

Karibu mkuu. Tablet uliyonayo inafaa, na hapo umeokoa hela nyingi, kwa sababu kinachoamua kila kitu ni tundu la kuchajia. Umbo la Type-C halitoshi. Ndani yake lazima kuwe na njia ya kupitisha picha ya DisplayPort, na Tab S7 inayo kwa kuwa tundu lake ni USB 3.2. Tab S6 Lite, Tab A9+ na Tab S9 FE zina Type-C lakini ndani ni USB 2.0, hazitoi picha kwa adapta ya kawaida hata ufanyeje. Wengi wanaingizwa mkenge na A9+ kwa sababu DeX (mfumo wa Samsung wa kuifanya tablet iwe kama kompyuta) inayo, muuzaji anaiwasha mbele yako na unaona madirisha kama ya kompyuta. Ni kweli inafanya kazi, ila kwenye kioo chake chenyewe tu.

Vifaa vya kununua:

Habu moja ya Type-C yenye HDMI, matundu mawili au matatu ya USB, na tundu la kuingizia chaja lililoandikwa PD. Hilo la PD usilisamehe. Adapta ya HDMI peke yake inaziba tundu pekee la tablet, na saa chache baadaye betri imekwisha mteja akiwa amesimama.

Waya wa HDMI kwenda DVI. Monita yako usiiunganishe kwa VGA. HDMI na DVI zote ni za kidijitali, picha inapita kwenye waya bila kubadilishwa, ndiyo maana huo waya hauna kidude chochote katikati. VGA ni analogia, inahitaji kigeuzi chenye chipu, na herufi ndogo zinatoka na ukungu kidogo kando. Kwa mtu wa kuchapa siku nzima, macho yatauma. Sauti kupitia DVI usiitegemee, lakini steshenari haihitaji.

Kabla hujatoa hela, nenda na tablet yako dukani, iwe hapo Moshi au ukija huku Arusha. Mwambie muuzaji achomeke habu kwenye TV yoyote pale pale. Ikitoa picha ndani ya sekunde kumi na haizimi ukiitikisa kidogo kwenye tundu, chukua. Ikicheza, angalia kwanza vumbi ndani ya tundu la tablet. Huku kwetu kiangazi vumbi linagandamana mle mpaka plagi haifiki mwisho. Zima tablet, kwangua taratibu kwa kijiti cha meno, usitumie sindano.

Waya_Mfupi

Naongezea kwenye waya: kama utatumia monita yenye Type-C siku za mbele, waya mweupe uliokuja na chaja haupitishi picha. Ule ni wa kuchaji na data za USB 2.0 tu. Tafuta ulioandikwa kwamba unapitisha video, na usizidi mita moja.

Mwalimu_Rau

Samahani kwa kudandia uzi. Vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 na baadaye kugawiwa walimu, vinaweza kufanya hivi?

fundi_wa_Njiro

Mwalimu, jaribu kwa habu ya kuazima, usinunue kwanza. Picha ikikataa, zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kurusha picha bila waya kwenye TV inayopokea, inafaa kuonyesha somo darasani, haifai kuchapa kwa sababu mausi inachelewa. Ya pili ni adapta ya DisplayLink, ambayo inabana picha kwa programu na kuipitisha hata kwenye USB 2.0. Unaweka programu yake kutoka Play Store. Inaonyesha tu kile kilicho kwenye kioo cha tablet, haikupi dawati la pembeni, na inakula betri. Jambo moja tu: kifaa hicho ni mali ya serikali, usikubali fundi akibadilishie mfumo ili "kifunguke".

Binti_Kiboriloni

Kaka Majengo, vifaa umeshapata majibu. Mimi nazungumzia programu, maana ndiko steshenari nyingi zingekwama.

Word ya Microsoft kwenye Android inakuruhusu kuhariri bure kama kioo cha kifaa hakizidi inchi 10.1. Tablet yako ni inchi 11. Utafungua faili la mteja, utalisoma, lakini kulihariri utadaiwa malipo ya Microsoft 365. Hilo watu hulijua wakiwa tayari wamefungua duka.

Bila kulipia, weka Collabora Office au OnlyOffice. Zote zinafungua na kuhifadhi docx bila intaneti. Mimi nakushauri uanze na Collabora kwa sababu ya fonti. Mitihani mingi inachapwa kwa Times New Roman au Calibri, na fonti hizo kwenye Android hazipo. Programu ikiweka fonti nyingine ambayo herufi zake ni pana kidogo, swali la 20 linahamia ukurasa wa pili, jedwali linakatika, na mwalimu anakuja juu. Collabora inakuja na Liberation Serif na Carlito, ambazo upana wa herufi zake umetengenezwa ulingane na Times New Roman na Calibri, kwa hiyo kurasa hazihami. Ukimaliza kazi, hifadhi docx ya mteja, kisha toa PDF na uprinti kutoka kwenye hiyo PDF, usiprinti kutoka kwenye docx.

Kuna vitu havitawezekana. Faili la Publisher, la kadi za harusi na vipeperushi, halifunguki kwenye Android. Microsoft wenyewe wametangaza Publisher inastaafu Oktoba 2026, lakini wateja wenye mafaili ya zamani wataendelea kuja. Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) nayo itafunguka lakini makro hazitembei. Mteja wa namna hiyo mwambie ukweli mapema.

Karanga_IT

Kwa sababu hiyo ya Publisher mimi naona tofauti kidogo. Tablet hii aitumie kwa kuwa tayari anayo. Lakini mtu asiyekuwa nayo asiende kununua Tab S ili aifanye kompyuta. Kwa hela hiyo hiyo anapata kompyuta ndogo iliyotumika, zile OptiPlex Micro au EliteDesk Mini, inabeba Windows, inaprinti kwa waya kwenye printa yoyote, na haili umeme mwingi.

Binti_Kiboriloni

Nakubaliana nawe kabisa. Na printa ndipo pagumu kwa kaka yetu, tusimfiche. Leza nyingi ndogo za HP za USB hazielewi PDF. Zinategemea kompyuta izitafsirie ukurasa mzima uwe nukta ndipo zichape. Android haina dereva (programu ya kuendesha printa) wa kazi hiyo kwa printa za waya. Ipo programu ya NokoPrint inayojaribu kuziba pengo, inatumia waya wa USB kupitia habu. Ijaribu na printa yako hiyo hiyo, kurasa tatu: moja ya maandishi, moja ya jedwali, moja yenye picha. Zikitoka sawa na ukingo wa karatasi haujakatwa, endelea. Zikigoma, hapo ndipo uweke hela kwenye printa ya WiFi, siyo kwenye monita mpya. Ya WiFi utaitumia kwa Mopria, programu ya kuprinti kutoka Android, bila shida.

Umeme_Kwanza

Nijibu swali la umeme, maana limerukwa na ndilo linaloharibu kazi za watu.

Chaja kwanza. Tab S7 inapokea mpaka wati 45, lakini iliyokuja kwenye boksi ni ya wati 15. Ukichomeka hiyo ya 15 kwenye habu, habu inajikatia fungu lake kabla ya kuipa tablet, kinachobaki hakitoshi kioo, kibodi, mausi na flashi. Matokeo: monita inazima sekunde mbili na kurudi, kila baada ya muda, na watu wanalaumu waya wa HDMI. Nunua chaja ya PD ya wati 45 au 65. Haiunguzi tablet, kwa sababu tablet ndiyo inayoomba kiasi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Umeme unapokatika, tablet haizimi, ina betri yake ya mAh 8,000. Lakini ndani ya habu kuna kinachotokea. Chaja ilikuwa inailisha habu na tablet, ghafla imekufa, inabidi tablet igeuke yenyewe ndiyo inayoilisha habu. Mageuzi hayo kwenye habu nyingi za bei nafuu yanakata kila kitu kwa sekunde moja: monita, kibodi, na flashi. Kama wakati huo faili lilikuwa linaandikwa kwenye flashi ya mteja, flashi inaweza kutoka imeharibika, mafaili yake yote hayasomeki. Umeme ukirudi, mkato unatokea tena.

Kwa hiyo flashi ya mteja ikiingia, nakili faili kwenye tablet, fanyia kazi humo, mwisho rudisha, subiri imalize, itoe kwa kuibonyeza kwanza kwenye taarifa za juu, ndipo uichomoe. Usichomeke wala kuchomoa chaja flashi ikiwa ndani.

Dawa kamili ni UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa ukutani ukikatika. Monita ya LED ya inchi 22 inakula kama wati 25, chaja ikiwa kazini hesabu wati 20. Jumla 45. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84, ukitoa kinachopotea njiani unabaki na kama saa moja hivi betri ikiwa mpya. Monita NA chaja vyote viingie kwenye UPS. Ukiweka monita peke yake, ule mkato wa habu unabaki pale pale. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe, inapopasha moto roli inavuta mamia ya wati na UPS itajizima.

Kingine, tablet itakaa kwenye chaja kutwa nzima. Ingia setingi za betri uwashe kinga inayosimamisha chaji kwenye asilimia 85, uvue kava, uisimamishe wima ipate hewa. Betri iliyokaa asilimia 100 na joto miezi mfululizo inavimba, na kwenye tablet inasukuma kioo kikabanduka.

Majengo_Moshi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepata habu na waya wa DVI, chaja ni ya wati 65, picha imetoka na DeX imewaka. Nimebaki na mambo mawili: picha imevutika juu na chini, duara linaonekana kama yai. Na mausi, nimebadilisha nikaweka isiyo na waya, ile ya kidude cha USB, inaruka ruka kila nikichomeka flashi.

fundi_wa_Njiro

Hongera mkuu. La kwanza: hiyo Dell itakuwa ya 1680 kwa 1050, uwiano wa 16:10, na inapewa picha ya 16:9 ndiyo maana inaivuta ijaze kioo. Bonyeza vitufe vya monita yenyewe, tafuta kipengele cha uwiano wa picha, weka 16:9 kama ipo. Utaona mstari mweusi juu na chini, duara litarudi kuwa duara. Herufi zikiwa ndogo au kubwa mno, rekebisha kwenye setingi za DeX, ukubwa wa onyesho, usiguse monita.

La pili siyo ubovu wa mausi. Flashi ya USB 3 ikifanya kazi inatoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na mausi yako inaongea kwenye masafa hayo hayo. Kidude chake kikiwa kimepakana na flashi kwenye habu, kinazibwa masikio. Tafuta waya wa kurefusha USB wa nusu mita, weka kidude mbali na habu, hata ukikibandika chini ya meza. WiFi yako nayo kama ni ya 2.4 itapungua kasi flashi ikiwa ndani, ruta ikiwa na 5 GHz hamia huko. Au rudisha ile mausi yako ya waya, na tundu moja la habu libaki la flashi tu.