Mchezaji ametoka jela, tumrudishe uwanjani ama tumwache? Kamati yetu hapa Nakuru imegawanyika

katibu_wa_mtaa (Nakuru)

Wadau hamjambo. Naomba mnisaidie kufikiria hii maneno juu imeninyima usingizi wiki mzima. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa hapa Kaptembwo, si timu kubwa, tuko ligi ya kaunti, vijana wanapewa nauli na chakula, na siku tukishinda mdhamini anaongeza kitu kidogo. Sasa kuna kijana wetu alitutoka akiwa na miaka 19 akaenda ligi kuu, akacheza misimu 4, winga wa kushoto, wenye walimwona wanajua ule mguu. Alafu akampiga msichana alikuwa anaishi naye na chupa. Akamkata kutoka sikio mpaka kidevu. Kortini akapatikana na hatia ya kumdhuru mtu vibaya, akapewa miaka 5, na ile rimisheni, yaani kupunguziwa thuluthi ya kifungo, ametoka baada ya miaka 3 na miezi 4. Saa hii ako na 27, mpira bado uko.

Jumatatu alikuja mazoezi. Hakuingia, alisimama nyuma ya goli na viatu kwa karatasi ya nailoni, zile zile za kitambo, akangoja. Vijana wakamkimbilia kama wamemwona Mariga wa Harambee Stars, kochi akamwambia vaa uingie. Mama mmoja wa kamati yetu akabeba kiti chake akaenda nyumbani bila kusema neno.

Tatizo si sisi tu. Kuna klabu ya huko juu inayolipa mishahara imepiga simu, wanataka tumchezeshe mechi 5 waone fomu yake ndio wamsaini, na wakimsaini sisi tutapata pesa ya jezi na mipira. Kwa hivyo tukisema ndio tumemrudisha kwa mpira wa kulipwa, tukisema hapana tumemfungia. Tuko 7 kwa kamati na kura ni Jumamosi. Mimi sijui nitainua mkono upande gani. Nyinyi mnaonaje, mtu alihukumiwa arudi kucheza kama kawaida?

---

gunners_milimani (Kisumu)

Katibu hii mbona ni rahisi, jaji alisema miaka 5, hakusema miaka 5 na mpira pia. Akishamaliza amemaliza, sasa nyinyi ni korti ya pili? Mimi ni wa Arsenal tangu nizaliwe, Tony Adams alikuwa kapteni wetu akafungwa Desemba 1990 juu ya kuendesha gari akiwa amelewa, akakaa ndani karibu miezi 2, akatoka akarudi kikosini na msimu huo huo tukabeba ligi. Na baadaye akaacha pombe kabisa na akaanzisha kliniki ya wachezaji wenye shida kama zake. Sasa kama wangemfukuza hiyo kliniki ingetoka wapi?

Ama angalia Michael Vick wa ule mpira wa Marekani, alipewa miezi 23 mwaka wa 2007 kwa mambo ya kupiganisha mbwa, 2009 Philadelphia Eagles wakamchukua na 2010 akapewa tuzo ya mchezaji aliyerudi vizuri. Kijana mwenye amejua mpira pekee yake tangu utotoni ukimnyima mpira unataka akafanye nini, ashike panga?

---

mama_kondele (Kisumu)

Katibu shikamoo, na samahani kama nitakuwa mkali. Nimesoma maneno yako mara mbili nikitafuta huyo msichana ako wapi. Umetuambia mguu wa kijana, viatu vyake, miaka yake, karatasi ya nailoni, hadi mama wa kamati na kiti chake. Yeye umempatia sikio na kidevu basi. Anaishi wapi? Bado ako hapo mtaani? Kuna mtu alimuuliza kitu?

Na wewe ndugu yangu wa Arsenal, Adams aligonga ukuta. Ukuta hauna mama, ukuta haupiti sokoni watu wakiuangalia. Usilinganishe. Mkuki kwa nguruwe, angekuwa ni dada yako ungekuja hapa na hadithi za kubeba ligi?

Mimi nilifuata sana ile ya Olimpiki ya Paris 2024, yule Mholanzi wa voliboli ya ufukweni, Steven van de Velde. Alipatikana na hatia Uingereza 2016 ya kubaka mtoto wa miaka 12, akapewa miaka 4, akahamishwa kwao na jumla akakaa kama miezi 13 tu. 2017 alikuwa ameanza kucheza tena! Na kule Paris watu walimzomea kila akitajwa, nikaskia wengine wakisema eti muachieni mchezo hauna siasa. Siasa gani? Huyo mtoto saa hii ni mwanamke mkubwa, ako na runinga nyumbani, anawasha aone Olimpiki kama watu wote na anamwona na bendera kifuani. Hilo ndilo linaniuma mimi, kwamba anapewa bendera. Kazi ni kitu kingine.

Na sisi Kenya tusijifanye hatuyajui haya. Agnes Tirop, yule mkimbiaji, aliuawa kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Rebecca Cheptegei alichomwa na petroli Trans Nzoia Septemba 2024, alikuwa ametoka kukimbia maratoni Paris. Sisi tunajua michezo na kupiga wanawake vinakaa nyumba moja. Alafu ati tupige makofi.

---

nilipita_ndani

Sijawahi andika hapa, mimi husoma tu, lakini hii imenigusa.

Mimi nilikaa Kodiaga, ile jela ya Kisumu, miaka 2, niliiba pesa ya bosi wangu, nilikuwa naweka hesabu ya duka. Huko ndani Jumamosi ilikuwa siku ya mpira na mtu akiwa hajakaa ndani hawezi elewa hiyo ni kitu gani, ni masaa mawili hakuna mtu anakuita kwa namba, wanakuita kwa jina, ama wanaita nafasi yako, beki! beki! na wewe unageuka kama mtu. Nilikuwa nahesabu siku na hizo mechi.

Kutoka ndio shida ilianza. Kampuni ya kwanza ya ulinzi ikaniambia leta cheti cha good conduct, kile cha polisi cha kuonyesha huna kesi, nikaenda nikapigwa alama za vidole, cheti kikarudi na kesi yangu yote juu yake, nikarudishwa mlangoni. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu sikungoja, nilijua. Nililala kwa shangazi miezi 8 nikiosha magari pale Lwang'ni, ufukwe wa Kisumu, na nawaambia ukweli, kuna usiku nilifikiria kurudia ile kazi ya kwanza juu angalau hiyo haiulizi cheti. Kenye kiliniokoa ni mzee mmoja alinipatia filimbi nichezeshe mechi za watoto wa shule ya msingi Jumamosi. Alinijua vizuri na akanipatia bado.

Kwa hivyo mimi siwezi kusema kijana asipewe. Siwezi. Lakini mama_kondele nimekuskia, juu mimi niliiba pesa na pesa nililipa, kidogo kidogo, ilinichukua miaka 3 na bosi akanipatia risiti ya mwisho nikaiweka. Uso hauna risiti. Huyo kijana analipa aje? Sijui, nauliza tu. Katibu umeskia yeye mwenyewe akisema kitu, ama alisimama tu nyuma ya goli?

---

mwanasheria_kiasi (Kakamega)

Niongeze kitu kimoja juu watu wanachanganya. Klabu kubwa hazifuati dhamiri zinafuata mdhamini, na hiyo inafanya mambo yaende vibaya pande zote mbili. Robinho, yule mchezaji wa Brazil, alihukumiwa Italia 2017 miaka 9 kwa ubakaji wa kikundi, na 2020 Santos, klabu ya kwao, wakamsaini wakijua kabisa. Mkataba ulisimamishwa wakati wadhamini walianza kutishia kutoka, si kabla. Alikuja kuingia jela Brazil Machi 2024.

Alafu kuna Ched Evans, mchezaji wa mpira kule Uingereza. Alifungwa 2012 kwa ubakaji, akatoka Oktoba 2014, Sheffield United wakamkubali afanye mazoezi tu, watu zaidi ya 150,000 wakasaini wakipinga, Jessica Ennis, yule bingwa wa riadha wa Olimpiki, akasema jina lake litolewe kwa jukwaa la uwanja kama huyo jamaa atapewa mkataba, klabu ya Oldham nao wakajaribu wakaogopa. Hukumu ikafutwa 2016, kesi ikarudiwa Oktoba mwaka huo na jopo likasema hana hatia. Sasa ile miaka nani alimrudishia? Kwa hivyo kama kuna rufaa ngojeni. Lakini huyu wenu katibu, nikisoma vizuri, hakuna rufaa, amekubali, amemaliza. Basi swali lenu si la sheria. Sheria haina kitu inasema hapa, hamkatazwi na hamlazimishwi.

Na hizo pesa za jezi ziondoe mezani kabla hamjapiga kura. Hapo ndio mtajua kila mtu anafikiria nini.

---

katibu_wa_mtaa (Nakuru)

Marahaba mama_kondele. Umenipiga na nimekubali. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Watu 7, vikao viwili, na hakuna hata mmoja wetu alitaja jina lake.

Nilimwendea jana jioni. Ako hapa hapa, anauza viazi karai, na kibanda chake kiko ng'ambo ya ua la uwanja upande wa bendera ya kona, mimi hununua kwake, nimekula viazi vyake miaka 2 na sikuwahi unganisha kuwa ni yeye. Alikuwa anamenya. Hufunga leso kichwani anaivuta upande wa kushoto ikafika shavuni, nilikuwa nadhani ni mtindo tu.

Nikamwambia nimekuja kwa nini. Hakuacha kumenya. Akaniuliza kama huwa tunatumia spika siku za mechi, nikasema ndio, kuna kijana wa maiki anatangaza mabao na vikosi. Akasema anajua, anaskia kila kitu pale, anajua hata majina ya mabeki wetu. Alafu akasema hivi, nimejaribu kukumbuka vile alisema: "Kazi apewe, mimi sitaki alale njaa, mamake ni mtu mzuri na aliniletea uji hospitali. Lakini jina lake lisiimbwe hapa nikiuza. Na asitumwe mtu kuniomba msamaha. Nikitaka nitamwita mimi."

Nikanunua viazi vya mia, nikashindwa kuvila.

---

gunners_milimani (Kisumu)

Katibu hiyo ya jana imenibana koo, na mama_kondele pole, ukuta nakubali.

Lakini niseme ukweli, winga bila jina ni nini? Mchezaji wa kulipwa kazi yake NI kuimbwa, klabu inamlipa juu watu wanalipa kuja kumwona. Akiwa fundi wa mbao ungesema apewe mbao atengeneze viti, yaishe. Mpira hauko hivyo. Ukimpatia mpira umempatia na makofi, huwezi tenganisha. Sasa nimekwama mahali sikuwa nimekwama juzi.

---

mama_kondele (Kisumu)

Hapo umesema kitu kikubwa kuliko vile unafikiria. Kama haiwezi tenganishwa basi tafuteni fundi wa mbao. Kuna kazi nyingi za jasho ambazo mtu hapigiwi makofi, na nilipita_ndani ameosha magari Lwang'ni miezi 8 na hakuna mtu aliimba. Hakuna mahali imeandikwa mtu akitoka jela lazima arudishiwe kile kile alikuwa nacho. Mwalimu akimdhuru mtoto akafungwa, akitoka tunampatia chaki? Hatumpatii, na hatusemi amenyimwa kula.

Lakini dada mwenyewe amesema kazi apewe, na mimi si wa kuzidisha maneno yake.

---

nilipita_ndani

Amesema lisiimbwe HAPA. Someni tena. Hakusema popote.

---

katibu_wa_mtaa (Nakuru)

Naleta majibu juu mliuliza.

Tulipiga kura Jumamosi, kwanza nikawaambia ile simu ya klabu kubwa nimeijibu, nimesema hakuna pesa tutachukua hata wakimsaini. Wawili walikasirika. Alafu nikawasomea maneno ya dada vile nilikuwa nimeandika kwa simu, na yule mama wa kiti akalia. Ikawa 4 kwa 3: atacheza mechi za ugenini tu, nyumbani hatavaa jezi na hatakaa benchi, na mazoezi atakuja asubuhi kabla kibanda hakijafunguliwa. Mimi nilikuwa kwa wale 4, na sijui kama nilifanya vizuri.

Nikamwita kijana nikamwambia. Tulikaa kwa yale mawe nyuma ya goli. Aliskiza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja, kama anaweza kupeleka barua. Nikamwambia hapana, amesema asitumwe mtu, na barua ni mtu. Akaniuliza kama akimpatia mamake. Nikamwambia hapana.

Akafunga kamba za viatu. Akazifungua tena, akavirudisha kwa ile karatasi, akasema mechi ya ugenini ni lini. Nikamwambia Jumapili ijayo, Molo. Akasema sawa katibu, akazunguka na njia ya juu, ile ndefu, ambayo haipiti kwa kibanda.