Kidonda cha oparesheni cha mama kimeingia usaha, dokta anataka kuweka mashine ya kuvuta. Kuna aliyepitia hii?

binti_wa_mwisho
Habarini wapendwa, naombeni mawazo. Mama alifanyiwa oparesheni ya tumbo wiki mbili zilizopita, siku ya 8 mshono ukawa mwekundu na wa moto, ukaanza kutoa usaha, baadae upande wa chini ukaachia kabisa, kidole kizima kinaingia. Juzi wamemrudisha thieta wakatoa nyama iliyooza, na sasa dokta anasema badala ya kumbadilishia gozi kila siku anataka kuweka sponji ndani ya kidonda, juu plasta ya nailoni, halafu mpira unaoenda kwenye mashine inayovuta usiku na mchana. Mimi nimeogopa jamani. Si itamvuta na utumbo? Na kufunika kidonda chenye usaha si ndio kuwafungia wadudu ndani? Mama ananiuliza kama itauma na sina cha kumjibu.

nesi_wa_zamu
Pole sana dada, na mama mpe pole. Nipo wodi ya upasuaji na hizi mashine nazifunga mara kwa mara. Wadudu hawafungiwi, maana maji maji yote ya kidonda yanavutwa kwenda kwenye kopo la mashine, uvimbe unapungua, kingo zinasogeleana na ule mvuto wenyewe unaichokoza nyama ya chini iote mishipa mipya ya damu. Presha tunayotumia sana ni milimita 125 za zebaki chini ya presha ya hewa. Lakini mashine haisafishi kidonda kilichooza, hilo naomba ulishike sana. Nyama iliyokufa inatolewa kwanza kwa kisu, ndio maana walimrudisha thieta, na antibayotiki alizoandikiwa zinaendelea kama kawaida.

La utumbo umeuliza vizuri. Muulize dokta kama ukuta wa ndani wa tumbo umeshika, yaani kilichoachia ni ngozi na mafuta tu. Ukiwa umeshika hakuna shida hiyo. Ukiwa umeachia na utumbo unaonekana, sponji haiwekwi juu yake hivi hivi, kuna tabaka maalum la kuukinga na kazi hiyo anaifanya dokta wa upasuaji mwenyewe.

mgonjwa_mstaafu
Mimi yangu ilikuwa ya paja, nimekaa nayo wiki tano. Sikudanganyi, ikiwa imewashwa unasikia kama umekazwa na mkanda, unazoea, ila siku ya kubadilisha sponji ndio kazi, nyama mpya inakuwa imeanza kuota kuingia kwenye vitundu vya sponji kwa hiyo wakiivuta kavu utapiga kelele. Mwambie mama adai dawa ya maumivu nusu saa kabla, na mashine izimwe mapema, wamwagie maji ya chumvi ya hospitali kwenye sponji wasubiri ilowe ndio waitoe taratibu. Mimi walikuwa wanabadilisha kila baada ya siku mbili au tatu. Mara ya kwanza kidonda kilikuwa kijivu kimefifia, mara ya nne nikaangalia nikakuta kimejaa nyama nyekundu yenye vipunje na inang'aa, nikalia pale pale kitandani. Na vipande vya sponji vihesabiwe, idadi iandikwe juu ya plasta, vilivyoingia vinne vitoke vinne.

kaka_mkubwa
Mdogo wangu haikumsaidia, na niseme ukweli ili watu wajue. Wiki tatu mashine inavuta na harufu haiishi, mwisho picha zikaonyesha mfupa ulio chini ya kidonda umeoza, ikabidi atibiwe mfupa kwanza. Kwa hiyo mkiona usaha haupungui au homa imerudi msisubiri siku ya kubadilisha.

nesi_wa_zamu
Kaka yuko sahihi, mfupa wenye maambukizi ambayo hayajatibiwa ni moja ya sababu za kutoifunga kabisa, pamoja na saratani ndani ya kidonda. Dada, mama anatumia dawa yoyote ya kulainisha damu, yaani ya kuzuia isigande? Kutokwa na damu ndio hatari kubwa kuliko zote, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari 2009 ikarudia 2011 kwa ajili hiyo. Ukiona damu nyekundu mbichi inakimbia kwenye mpira, zima mashine, kandamiza kidonda, ita msaada hapo hapo. Ukisikia mluzi ujue plasta imeachia hewa, mara nyingi kwenye mkunjo wa tumbo, waambie wazibe. Isikae imezimwa zaidi ya masaa mawili kwa siku, ikipita hapo sponji itolewe wamfunge gozi la kawaida, la sivyo uchafu unalala ndani.

binti_wa_mwisho
Asanteni sana, nimelia kusoma. Nimemuuliza dokta asubuhi hii, ukuta wa ndani umeshika, ni ngozi na mafuta tu. Ila kumbe kweli mama anameza dawa ya kulainisha damu ya moyo na haikuandikwa kwenye faili lake, dokta kaagiza damu ipimwe kwanza kabla ya kufunga chochote. Majibu yanatoka jioni, nitarudi kuwaambia.